Mkono Kwenye Foleni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema na kwa hiari yangu, maana nisiposema mimi atasema Kimya, mwenzangu wa kazini, ambaye hufungua mdomo mara moja kwa wiki, na akiufungua ni kumchoma mtu. Tena sikuwa mjinga wa kawaida. Nilikuwa mjinga mwenye cheti ukutani, miaka kumi na moja kazini, na funguo za chumba cha seva mfukoni. Mjinga asiye na funguo hana madhara makubwa.

Mimi ni fundi wa mtandao wa chuo. Chumba chetu kiko mwisho wa ujia wa chini, hakina dirisha, kina baridi ya friji, na mashine zake zinavuma kutwa kama mtu anayelalamika bila kufungua kinywa. Simu ya mezani haipumziki. "Fundi, mtandao umelala." "Fundi, yangu inazunguka tu." Ukifika simu ya hamsini unajibu "tunalishughulikia" kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto asiye wake. Jioni ukirudi nyumbani masikio bado yanavuma, na ukiulizwa chakula kiwekwe wapi unajibu tunalishughulikia.

Chuo kina njia moja tu ya kutokea nje, na watu elfu tatu wanaitaka kwa pamoja. Kila wanachotuma hukatwa vipande vidogo, tunaviita pakiti, na kila pakiti sharti ipite kwenye ruta yangu, mashine inayozielekeza njia. Zikija nyingi kuliko njia inavyobeba, zinapanga foleni ndani ya ruta. Foleni ikijaa, inayofuata inatupwa. Sasa mimi nimelelewa na mama aliyetuchapa kwa tonge lililobaki sahanini. Kutupa kitu cha mtu, kwangu, ni dhambi. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka nimekuwa nikiirefusha foleni, nikiongeza nafasi, mpaka kila pakiti ikapata pa kukaa. Na kila Jumatatu niliandika kwenye ubao mweupe wa mlangoni, kwa kalamu ya bluu: ZILIZOTUPWA WIKI HII, SUFURI. Wenzangu wana vikombe vya mpira makabatini. Mimi nilikuwa na sufuri yangu.

Aliyeniharibia ubao ni mke wangu, Mama Pacha.

Kabla hajaanza kusomea uzamivu alikuwa mhandisi wa mitambo ya maji. Kazi yake ilikuwa kuifundisha pampu kujaza tangi bila kulifurisha, hata kama watu wanafungua mabomba saa wanayotaka wao. Hesabu hizo hizo akazihamishia kwenye mtandao. "Foleni yako ni tangi tu," aliniambia, na mimi nikachukia kidogo, kama unavyochukia mtu akisema mtoto wako anafanana na jirani. Tasnifu yake ilihusu jambo hilo: namna ya kuifanya ruta ijiongoze yenyewe. Unapima foleni. Unailinganisha na foleni unayoitaka. Unasahihisha kidogo. Halafu, na hapa alikuwa anainua kidole chenye unga, unangoja.

"Unangoja nini?" nilimwuliza.

"Matokeo yarudi. Ukitia chumvi kwenye mchuzi ukaonja papo hapo, utasema haijakolea. Unaongeza. Unaonja tena, bado. Unaongeza. Ikishayeyuka yote, nyumba nzima inakunywa bahari."

"Mke wangu, mimi sipiki."

"Ndiyo maana nakueleza polepole."

Kidhibiti chake, yaani programu aliyoiandika, kilikuwa na tabia moja iliyoniuma. Kilitupa pakiti. Kwa makusudi, chache chache, kabla foleni haijajaa. Tukagombana juu ya hilo miezi, mezani, kitandani, tukiwavalisha pacha viatu.

"Kompyuta inayotuma haina macho, Baba Pacha," alisema. "Haijui kwamba njia imejaa mpaka pakiti yake moja ipotee. Ikipotea, inapunguza mwendo. Wewe hupotezi kitu, kwa hiyo hakuna anayejua kitu. Kila mtu anasukuma tu, na foleni yako inakuwa ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi."

"Lakini kila mtu anafika."

"Anafika amekwisha sahau alichofuata."

Miaka sita alisoma hivyo. Aliandika huku mguu ukitingisha kitanda cha pacha, kisha vitanda viwili. Alisahihisha sura ya tatu akiwa na homa. Mwishoni alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauuponyi. Alikuwa anaamka amechoka, anapiga mswaki amefumba macho. Kilichobaki kilikuwa kuitetea kazi yake mbele ya jopo, na mtahini wa nje alikuwa nchi ya mbali, kwa hiyo kikao ni cha video. Kikao cha kwanza kilikufa baada ya dakika tisa, picha ikaganda mtahini akiwa amefungua kinywa kama anayetaka kupiga chafya. Cha pili, sauti ilikuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa, sekunde nyingi baada ya midomo.

Mtahini alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Na kanuni za chuo zilikuwa wazi: kikao cha tatu kikivunjika, faili linarudishwa, anatafutwa mtahini mpya, kazi inasomwa tena tangu ukurasa wa kwanza. Miaka miwili, ukibahatika.

"Miaka miwili mingine sina," aliniambia jikoni. Hakulia. Hicho ndicho kilichonitisha.

Mkuu wa idara, aibu ilipomzidi, akaamuru kidhibiti cha mke wangu kiwekwe kwenye ruta yangu kwa majaribio. Wiki tatu kilikaa. Lazima niseme ukweli ingawa unanichoma: simu ya mezani ilinyamaza mpaka Kimya akainua mkonga wa simu kusikiliza kama bado ina uhai. Ila Jumatatu nilipokwenda kuandika ubao, nikaandika ELFU AROBAINI NA MOJA. Mhasibu akipita akasimama, akasoma, akasema, "Fundi, siku hizi unamwaga?" Nikacheka naye. Lakini nilikwenda na neno hilo mpaka nyumbani.

Basi, Alhamisi ya kikao ikafika. Saa nne asubuhi. Mke wangu alivaa gauni la kijani alilolivaa mara mbili zilizopita, nikamwambia abadilishe, akasema gauni halina kosa. Akapanda juu chumba cha mikutano. Mimi nikashuka kwenye baridi yangu.

Hakuna aliyeniambia kwamba siku hiyo hiyo, mwisho saa sita mchana, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wanawasilisha kazi zao, kila mmoja na faili lake nene na video yake. Saa nne na dakika mbili nilitazama kioo cha kompyuta, nikaona namba nyekundu ya pakiti zilizotupwa inakimbia. Elfu tatu kwa dakika.

"Kimya, njoo uone. Kinamtupa mke wangu."

Kimya alikuja na kikombe chake. "Kinatupa kila mtu. Foleni ikoje?"

"Fupi."

"Basi."

Alirudi kwenye kiti chake. Kwake hadithi ilikuwa imekwisha. Lakini mimi nilikuwa naziona, wallahi naziona, sentensi za mke wangu zimetapakaa sakafuni. Miaka sita ya sentensi. Nikasema moyoni, mume ni wa nini kama si siku kama hii? Nikakizima kidhibiti. Nikaifungua foleni mpaka kiwango cha juu kabisa, nafasi kwa kila mtu. Namba nyekundu ikasimama. Sufuri. Nikaegemea kiti kama mtu aliyeshiba.

Saa nne na dakika nane simu ikalia. Alikuwa katibu wa jopo, mama mpole ambaye hata akikasirika anaomba radhi kwanza.

"Samahani fundi, huku hatuelewani. Mtahini anauliza swali la pili, mama anajibu la kwanza. Kisha wote wanasema 'endelea wewe,' kisha wote wananyamaza."

Nikatazama. Pakiti iliyoingia kwenye foleni yangu ilikuwa inatoka baada ya sekunde nne. Hakuna iliyopotea, kila moja ilikuwa imekaa mahali pake kwa adabu, inangoja zamu, na zamu haiji.

Sawa, nikasema, dawa ninayo. Nikawakata wanafunzi mwendo, nusu. Nikatazama foleni: ile ile. Kumbe ilikuwa bado imejaa pakiti zilizokwisha kuingia. Kile nilichokifanya hakijapata hata muda wa kuonekana. Lakini hilo nalisema leo. Pale nilisema haijatosha. Nikawakata tena.

"Ungesubiri kidogo," alisema Kimya.

"Nisubiri nini, mke wangu anazama!"

Nikakata mara ya tatu. Ndipo ile mikato yote mitatu ikafika kwa pamoja. Foleni ikakauka, njia ikabaki tupu kama uwanja baada ya mechi, na huko madarasani kazi za watu zikakatika katikati. Simu zote mbili, ya mezani na ya mkononi, zikalia. Mwanafunzi mmoja alikuwa analia kweli kweli. Nikafungua, nikafungua sana, maana roho iliniuma. Wote wakarudi kwa mkupuo. Foleni ikapanda mpaka dari. Nikakata. Ikakauka. Nikafungua. Jasho lilinitoka kwenye chumba ambacho watu huvaa makoti. Natia chumvi, natia maji, natia chumvi, na mlaji yuko ghorofa ya juu amevaa gauni la kijani.

Simu yangu ya mkononi ikaita. Alikuwa yeye. Mwenyekiti wa jopo alikuwa ametoa dakika kumi: mambo yakitengemaa waendelee, yasipotengemaa aandike kwamba kikao kimevunjika.

"Baba Pacha," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

"Niko hapa, nahangaika nalo, wewe usiwe na wasiwasi kabisa."

"Umekizima."

"Nani kakuambia?"

"Saa ya ukutani. Sekunde arobaini tunachelewa, sekunde arobaini tuko sawa, sekunde arobaini tunachelewa. Nimehesabu mara tano mbele ya watu. Kuna mkono kwenye foleni, na huo mkono naujua, una pete yangu."

Kimya alikuwa anasikia kila neno. Alitazama kikombe chake kwa heshima.

"Kilikuwa kinatupa elfu tatu kwa dakika!" nilisema. "Na zako zimo humo humo! Nikae nitazame?"

"Ndiyo. Ukae utazame. Moja yangu ikitupwa, picha inakonyeza jicho tu, tunaendelea. Zikilala kwenye foleni yako zinafika maiti. Kiwashe."

"Na kikishindwa? Umebakiwa na dakika kumi. Niachie mimi, nimeanza kuielewa foleni yenyewe, bado kidogo tu..."

"Baba Pacha." Nikasikia anavuta pumzi. "Kikishindwa, nitakuwa nimeanguka kwa kazi yangu. Hilo naliweza. Sitaki kuanguka kwa kazi yako."

Nikakiwasha.

"Sasa kalia mikono," alisema, na akakata simu.

Nilidhani ni msemo. Kimya hakudhani hivyo. Aliisogeza kibodi mbali, akachomoa panya ya kompyuta, akauviringisha waya wake vizuri, akaitia mfukoni mwa koti.

"Nirudishie."

"Kalia."

Nikakalia mikono yangu, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, kwenye kiti cha magurudumu. Namba nyekundu ikaruka, ikakimbia. Foleni: sekunde nne. Sekunde tano zikapita. Foleni: sekunde nne. Kumi. Nne. Vidole vilikuwa vinawasha chini ya mapaja kama vina upele. Kila kilichokuwa ndani yangu, miaka kumi na moja ya kazi, kilikuwa kinasema fanya kitu, wewe mwanamume, fanya kitu. Sekunde kumi na tano. Nne na ushee, imepanda!

"Kimya, imepanda."

"Naona."

"Nipe panya."

"Sina panya," alisema mtu ambaye mkia wa panya ulikuwa unaning'inia mfukoni mwake.

Sekunde ya ishirini, foleni ikawa tatu na nusu. Kisha tatu. Kule madarasani kompyuta moja moja zilikuwa zimeanza kupata habari kwamba njia ni nyembamba, zinapunguza mwendo, hii kidogo, ile kidogo, hakuna iliyosimamishwa, hakuna iliyolia. Mbili. Moja. Nusu. Ikateremka mpaka pale mke wangu alipotaka ikae, ikapita kidogo chini, ikarudi juu kidogo, ikatulia. Njia ilikuwa imejaa barabara, haijapotea hata nafasi, na foleni ilikuwa fupi kama foleni ya kulipa kodi mapema. Nilikuwa sijawahi kuviona vitu hivyo viwili pamoja kwenye ruta yangu. Simu ya mezani ikanyamaza. Kimya akarudisha panya mezani, akaenda kuosha kikombe.

Dakika za mwenyekiti zilikuwa zimebaki nne.

Sikuweza kukaa. Nikapanda ngazi, nikasimama nje ya chumba cha mikutano, pembeni ya mlango, kama mtu aliyekuja kuleta viti. Sauti ya mtahini ilikuwa inasikika safi. Mzee mwenye mafua.

"Kabla hatujarudi kwenye sura ya nne," alisema, "asubuhi hii uliliambia jopo kwamba kule chini kuna mtu, si hitilafu ya mashine. Ulijuaje?"

"Mashine ingengoja," alijibu mke wangu.

Nikasikia watu wanacheka. Mtahini alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikatufikia wakati ule ule alipokohoa. Kisha wakaingia kwenye hesabu, na huko sikuwafuata. Nilisimama tu na mgongo ukutani. Saa sita kasoro dakika tano wakatoka: amefaulu, na marekebisho madogo. Moja ya marekebisho hayo ni kwamba aongeze kurasa mbili kuhusu fundi anayeingilia kati, na mchoro wa asubuhi ile autie humo, wenye vilima vyake vyote, maana mtahini alisema hajapata kuona mfano mzuri kama huo.

Mke wangu alitoka wa mwisho. Hakurukaruka. Alinipa mkoba wake niubebe, akavua viatu, akaenda mpaka mwisho wa ujia akiwa na soksi tu, akaketi kwenye benchi la wageni na kulala, ameketi vile vile, kwa dakika ishirini. Wanafunzi walipita wakimzunguka. Nilikaa ubavuni mwake, nikamshikia viatu.

Jioni, pacha walipokwisha kula na kugombania kijiko kimoja huku kabati limejaa vijiko, tulisimama kwenye sinki. Yeye anaosha, mimi nafuta. Hatukuwa na nguvu ya sherehe. Ila mdomo wangu, kama unavyojua sasa, nao hauna breki.

"Kubali jambo moja tu," nilisema. "Kubali kwamba nilifanya kwa nia njema."

"Nimekubali tangu asubuhi. Nia njema ndiyo iliyojaza ruta."

"Na kwamba kwa robo saa ile hakuna hata pakiti moja iliyotupwa."

"Wala iliyofika." Alinipa sahani. "Hapo bado kuna mafuta, usinirudishie kabatini."

Nikaifuta tena. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka anataka ashinde angalau kitu kimoja kabla ya kulala.

"Haya, basi kubali kwamba mimi ni binadamu. Wewe hukuwa kule chini. Nimekalia mikono, foleni badala ya kushuka inapanda, mke wangu anazama mbele ya macho yangu, na natakiwa nisifanye kitu! Sekunde ishirini, Mama Pacha! Unajua sekunde ishirini za namna ile zina urefu gani? Niambie wewe, msomi: ni nani katika dunia hii angeweza kungoja?"

Alizima bomba. Alipangusa mikono kwenye mgongo wa shati langu, maana kitambaa nilikuwa nacho mimi.

"Mimi nimengoja miaka sita," alisema, "tena nikiwa na wewe humu ndani."